Blizadi bila theluji kudondoka: watabiri wa North Dakota wanaona nini ambacho sisi madereva hatuoni?

#1 Tela53
Wakuu salaam. Mimi ni dereva wa lori, nasota barabara kuu za I-94 na I-29 huku kaskazini mwa Marekani: Minneapolis, Fargo, Bismarck, mara nyingine hadi mpaka wa Kanada. Huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi.

Wiki iliyopita nimelala siku mbili kwenye kituo cha malori Jamestown. Asubuhi naondoka Fargo simu imeandika theluji 0, imechora na kajua ka njano. Na jua kweli lilikuwepo! Kabla sijafika Valley City upepo ukapanda, nikaona kama moshi unatambaa juu ya lami. Mara mstari wa barabara haupo. Mara boneti yangu mwenyewe haipo. Ukiinua macho, anga la bluu kama la Dodoma mwezi wa saba. Ukiyashusha, umetumbukizwa kwenye ndoo ya maziwa. Nilitambaa na taa za hatari mpaka Jamestown, nikasikia nyuma yangu wameshafunga mageti ya barabara.

Sasa nauliza: blizadi inatokaje bila theluji kudondoka hata punje? Na kama inatabirika, mbona sikuambiwa? Msimamo wangu, hawa jamaa wanabahatisha tu kama sisi tunavyobeti mikeka.

#2 Kasuku wa Kilwa
Theluji inayotoka chini kwenda juu. Ngoja nikae vizuri, chai hii inataka andazi.

#3 Ndugu wa Bukavu
Ndugu Kasuku, ile si chai. Miye niko Fargo tangu 2013. Siku moja nilitoka kazi saa nne ya usiku, juu nyota zote zinaonekana, chini sioni hata miguu yangu. Kutoka pale ninaacha motokari mpaka ku mlango haifike metre makumi tano. Nilishika ukuta, ukuta ikaisha, nikasimama palepale. Jirani njo alipiga klaksoni, nikafuata sauti. Kama hakupiga, leo singekuwa naandika hapa.

#4 Fundi Anga
Tela53, kabla hujawalaumu watabiri, tutenganishe vitu viwili. Kale kajua kwenye simu kanatokana na programu inayojibu swali moja: je, kuna kitu kitadondoka kutoka mawinguni? Jibu lilikuwa hapana, na hapana ilikuwa sahihi. Blizadi ni swali jingine kabisa.

Kwa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, blizadi ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi (kama kilomita 56), uoni chini ya robo maili (mita 400 hivi), na hali hiyo idumu saa 3 au zaidi. Basi. Theluji inaweza kuwa inadondoka, inaweza kuwa ilidondoka juzi, upepo unaiokota tu. Hakuna kipimo cha sentimita ngapi zidondoke. Hiyo uliyokutana nayo ni blizadi ya ardhini.

Kwa hiyo mtabiri wa kule hatazami mawingu peke yake. Anatazama kilicholala chini: theluji ipo kiasi gani, ina umri gani, tangu idondoke joto limefika ngapi, imeshika ganda au bado ni unga. Mwaka 1997 wanasayansi wawili, Li na Pomeroy, walichambua kumbukumbu za vituo vya nyanda za Kanada wakakuta theluji kavu inaanza kusafiri upepo ukifika wastani wa mita 7.7 kwa sekunde, na iliyolowa inasubiri mpaka kama 9.9. Wastani huo, ndani yake kuna tofauti kubwa. Baadaye, 2005, Wakanada wengine, Baggaley na Hanesiak, wakatoa mbinu inayochukua upepo, joto na saa zilizopita tangu theluji idondoke, inakupa picha kama uoni utaharibika. Watabiri wa nyanda hizo wameitumia sana.

Mkeka wa namna hiyo si wa kubahatisha.

#5 Mhenga wa Mwanza
Naongezea kwa Fundi. Lazima pia joto liwe chini ya nyuzi 20 za Farenhaiti, ndiyo blizadi kamili. Na msidhani ni mambo mapya. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi Minnesota ilipata hali nzuri kuliko kawaida, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Mchana ukuta wa theluji laini kama unga ukaja na upepo, joto likaporomoka. Idadi inayotajwa ni watu 235, wengi watoto waliokuwa wanarudi nyumbani.

#6 Fundi Anga
Mhenga, hicho kipimo cha joto kilikuwepo zamani, kiliondolewa. Siku hizi blizadi inaweza kutangazwa joto likiwa karibu na kuganda, upepo na uoni vikitimia.

#7 Kaka wa Winnipeg
Na 1888 kilio kikubwa kilikuwa Nebraska na Eneo la Dakota, Mhenga, Minnesota iliguswa kidogo kuliko hao. Nasema "Dakota" kwa sababu North na South zilikuwa bado hazijagawanywa, zimekuwa majimbo mawili Novemba 1889.

Halafu Fundi, ufafanuzi wako unaishia mpakani. Huku Manitoba tunahesabu upepo wa kilomita 40 kwa saa, uoni mita 400 au pungufu, kwa saa 4 angalau. Upepo wetu ni mdogo, muda wetu mrefu.

#8 Kasuku wa Kilwa
Kwa hiyo Tela53 akisimama mpakani, mguu mmoja uko ndani ya blizadi na mwingine uko kwenye upepo wa kawaida. Mjomba fika hapo utupigie picha.

#9 Kaka wa Winnipeg
Unacheka, lakini pale Emerson na Pembina inatokea kweli. Upepo wa kilomita 45 ukidumu saa 5, kwetu onyo la blizadi linatoka, kwao hapana. Upepo huohuo, theluji hiyohiyo.

#10 Tela53
Fundi nimekuelewa nusu. Kama ni upepo kuokota theluji, mbona kuna siku upepo ni mkali zaidi na theluji imejaa mashambani lakini barabara safi kabisa, inaonekana yote? Januari nilipita palepale Valley City, tela tupu linayumba mpaka nikashika usukani kwa mikono miwili. Hakuna hata unga uliopita mbele yangu.

#11 Fundi Anga
Ganda. Theluji ikipata joto kidogo mchana, au manyunyu yanayoganda, punje zinashikana. Upepo unapita juu kama mchanga wa ufukweni ulioloa maji: hata kaskazi ivume vipi, haupepei. Ukikauka ndipo unakuchoma miguu.

Na si kupepea tu. Kuna punje zinazotambaa, kuna zinazorukaruka sentimita chache hivi, na kila moja ikitua inang'oa nyingine kama mawe ya bao. Zinazorukaruka ndizo ule "moshi" wako wa kwanza kwenye lami. Upepo ukizidi, punje ndogo zinapaa zikabaki hewani, mita kumi, mita mia. Ukiona moshi umevuka kimo cha taa za lori usisubiri ushahidi mwingine.

Baridi nayo inasaidia mpaka mahali fulani. Theluji inakuwa rahisi kuokota kadiri joto linavyoshuka hadi kama nyuzi -25 za Selsiasi, chini ya hapo kizingiti kinaanza kupanda tena.

#12 Sukari ya Beeti
Mnasema ganda, mimi nasema shamba. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari ya beeti ndani ya bonde la Mto Red, kila siku barabarani kati ya mashamba. Beeti ikishavunwa Oktoba, ardhi inabaki kama sakafu iliyofagiliwa. Ya ngano ina mabua, theluji inanaswa pale. Ya beeti haina cha kuizuia. Upepo ukiwa mkali unachukua na udongo, mnapata theluji nyeusi imelundikana mitaroni. Njooni mwezi wa pili muone, utadhani mtu kamwaga makaa.

Halafu angalieni miti. Miaka ya 1930 serikali ilipanda mistari ya miti nyanda zote hizi kuzuia vumbi. Imezeeka, wengine wanaing'oa wapate nafasi ya mashine kubwa. Upande wa Minnesota wizara ya barabara inawalipa wakulima waache mistari ya mahindi imesimama kando ya barabara kipindi chote cha baridi. Wangelipa kama tatizo lingekuwa angani?

#13 Mhenga wa Mwanza
Yaani unalipwa kutovuna mahindi? Hii nchi nihamie.

#14 Mama Nesi MN
Nimesoma kimyakimya, sasa niseme langu. Mimi ni muuguzi, naishi Moorhead, ng'ambo ya mto kutoka Fargo. Kila wakitoa onyo tunaambiwa tujifungashe nguo tulale kazini, wauguzi wa zamu ya pili wasije wakakwama. Mwaka jana nimelala kwenye kiti usiku mzima, wanangu wako na jirani. Asubuhi nachungulia dirishani: barabara inaonekana mpaka mwisho, watu wanatembea na mbwa. Mimi naona wanaogopa kulaumiwa, kwa hiyo wanatia onyo kila upepo ukikohoa.

#15 Ndugu wa Bukavu
Mama, hapo mjini iko nyumba, iko miti, iko ukuta. Toka kilometre tano inje ya mji siku ile, utaona. Asubuhi moja miye nilitoka nikaona bien, nikasema banadanganya. Kufika ku daraja ya mwisho, palepale dunia ikaisha. Nilirudia na kinyumanyuma.

#16 Mama Nesi MN
Sawa baba, lakini mimi siendi kilomita tano nje. Onyo liseme "nje ya mji", nilale kwangu.

#17 Fundi Anga
Mama Nesi ana hoja na Ndugu ana hoja. Maonyo yanatolewa kwa wilaya nzima, wilaya yenyewe ina mji mmoja na mashamba yasiyo na mwisho. Mara nyingi wanaandika kwamba maeneo ya wazi ndiyo yatakayoumia zaidi, ila kifungu hicho hakisomwi, watu wanasoma kichwa cha habari.

Kuna kasoro nyingine haisemwi sana, ya kuona. Rada ya eneo hilo iko Mayville, katikati ya Fargo na Grand Forks. Mwale wa mawimbi yake unapanda kadiri unavyokwenda mbali, na dunia nayo inajikunja chini yake. Ukifika kilomita 100 uko juu ya kilomita 1 na zaidi. Blizadi ya ardhini inaweza kuwa nene mita mia moja tu. Rada inapita juu yake kama ndege juu ya Kariakoo: kelele zote ziko chini, wewe unaona mabati.

Kwa hiyo mtabiri anabaki na vipimo vya viwanja vya ndege, kamera za barabarani, simu za askari na madereva, na setelaiti kama hakuna mawingu.

#18 Tela53
Setelaiti inaonaje nyeupe juu ya nyeupe?

#19 Fundi Anga
Kwa macho ya kawaida haioni. Lakini setelaiti za Marekani za GOES zina chaneli ya mwanga ambao macho yetu hayaupati, maikromita 1.6, ambamo theluji iliyolala inakuwa nyeusi na punje ndogo zinazopaa zinang'aa kidogo. Februari 2019 picha za bonde la Mto Red zilionyesha michirizi mirefu iliyonyooka sambamba na upepo, kama mtu kapitisha reki. Watu wa Chuo Kikuu cha North Dakota pale Grand Forks wakaichambua: hewa baridi ikija kasi juu ya bonde inajiviringisha kama magogo yaliyolala, pale inapopanda theluji inakusanyika, pale inaposhuka kunakuwa na afadhali. Ndiyo maana dereva anasema "naona, sioni, naona, sioni" ndani ya dakika mbili. Ikiwa unakatiza magogo hayo, utayahesabu kwa usukani.

Shida ni kwamba chaneli hiyo inahitaji jua. Usiku imelala.

#20 Sukari ya Beeti
Na usiku ndiyo sisi tunatoka zamu.

#21 Kaka wa Winnipeg
Fundi umesahau bonde lenyewe. Lile ni sakafu ya ziwa kubwa la kale, Agassiz, lililotokana na barafu kuyeyuka. Tambarare mpaka maji yenyewe hayajui pa kwenda, mto unakwenda kaskazini polepole kuja kwetu. Upepo wa kaskazini ukiingia humo haukuti kilima. Mimi nawaambia wageni: kilomita 40 pembeni, nje ya bonde, mambo ni tofauti. Mabua na ganda ni chumvi tu, mboga yenyewe ni bonde.

#22 Tela53
Ila mimi nilikamatwa Valley City, kule si bondeni tena, ni juu magharibi.

#23 Kaka wa Winnipeg
Hapo umenibana. Nitarudi.

#24 Kasuku wa Kilwa
Hajarudi mpaka leo. Kakwama bondeni.

#25 Mhenga wa Mwanza
Wakati tunamsubiri. Tarehe 11 Novemba 1940, hii ni ya Minnesota kweli, nimejihakikishia Kaka asinirukie. Asubuhi ya joto, wawindaji wa bata wamejazana kwenye visiwa vya Mississippi na mashati mepesi. Mchana upepo ukageuka, mvua ikawa theluji, maji yakapanda. Jimbo hilo peke yake lilipoteza watu 49, karibu nusu yao ni hao wawindaji. Utabiri wa eneo hilo ulikuwa unatolewa Chicago. Baada ya hapo ndipo ofisi ya Minneapolis ikapewa kazi ya kutabiri yenyewe. Mnaona? Mtu wa mbali hajui shamba lako lina ganda au halina.

#26 Fundi Anga
Hapo nakuunga mkono. Na tarehe 4 Februari 1984 inaeleza zaidi swali la Tela53: mfumo mdogo wa dhoruba uliokuja kasi kutoka Alberta, Kanada, theluji mpya ilikuwa kidogo sana, lakini upepo uliokuja nyuma yake uliokota iliyokuwepo na watu wakafia kwenye magari njiani. Mifumo hiyo ya Alberta ndiyo inayodanganya wageni. Ile ya Colorado inakuja na theluji ya futi, kila mtu anaiogopa na kununua mikate. Hii ya Alberta inapita na sentimita 3, unasema imekwisha, kumbe kazi inaanza shinikizo la hewa linapopanda kwa ghafla nyuma yake. Baridi inayoingia inakoroga hewa, upepo wa kimo cha kilomita 1 unaletwa chini ulivyo.

#27 Ndugu wa Bukavu
Bazee ba hapa banapenda kuhadisia 1997. Gazeti Grand Forks Herald inapatiaka kila blizadi jina, kwa kufuata alfabeti. Msimu ule ilifika mpaka H, Hannah, mwezi wa nne! Umeme ikakatika, halafu theluji yote ile ikayeyuka, mto ikaingia mu mji.

#28 Kasuku wa Kilwa
Mwezi wa nne huku tunalalamika mvua za masika zimeloanisha kanzu.

#29 Mama Nesi MN
Mnaongea historia, hamjamwambia mtu wa lori cha kufanya. Tela, ukikwama usitoke kwenye gari, hata kama umeona taa ya nyumba. Injini washa dakika kumi kila saa, si mfululizo, na kabla ya kuwasha toka na koleo usafishe bomba la moshi, huku umeshika mlango. Theluji ikiziba bomba, gesi inarudi ndani nawe unalala usingizi mtamu usioamka. Nimewapokea wawili hali hiyo, mmoja aliondoka kwa miguu yake.

#30 Tela53
Asante dada. Sasa mtihani. Kesho alfajiri nina mzigo Fargo kwenda Grand Forks, kilomita 130 hivi, kaskazini moja kwa moja. Nimesoma utabiri wenyewe safari hii, si kale kajua: upepo wa kaskazini-magharibi maili 40, theluji mpya 0. Iliyolala ni ya siku tatu. Jana jioni Fargo kulikuwa na manyunyu yanayoganda. Niende?

#31 Fundi Anga
Manyunyu yamekupa ganda. Kwa upande wa Fargo ningetegemea afadhali. Sijui yaliishia wapi kaskazini, na hilo ndilo swali la kumuuliza mtu aliyeko huko.

#32 Sukari ya Beeti
Baada ya Hillsboro mashamba ya beeti yanashika pande zote. Ganda au si ganda, usiende.

#33 Kaka wa Winnipeg
Nimerudi. Upepo wa kaskazini-magharibi haupiti urefu wa bonde, unalikata. Ungekuwa wa kaskazini kabisa ningekuzuia. Nenda.

#34 Ndugu wa Bukavu
Usiende. Mzigo si mutoto.

#35 Tela53
Mrejesho. Bosi alitaka niondoke saa kumi na moja, nikamwambia nasubiri kupambazuke. Nimetoka saa mbili. Fargo hadi Hillsboro lami safi, upepo unapiga filimbi kwenye vioo, theluji mashambani inang'aa kama kigae, haikutikisika. Nikaanza kukucheka, Sukari.

Kilomita kama kumi baada ya Hillsboro nikaona ule moshi, chini ya magurudumu. Nikakumbuka kimo cha taa. Haujafika. Nikaendelea. Mbele gari la kusafisha barabara limesimama, taa zinazunguka, na zaidi ya lile hakuna kitu, ukuta. Nikageuzia kwenye njia ya kutokea. Dakika ishirini baadaye wamefunga I-29 mpaka Grand Forks. Niko Hillsboro, nakunywa kahawa mbaya.

#36 Fundi Anga
Manyunyu yaliishia Hillsboro. Nimeangalia vipimo.

#37 Sukari ya Beeti
Na beeti zinaanzia Hillsboro.

#38 Kaka wa Winnipeg
Upepo uligeuka kuwa wa kaskazini saa tatu asubuhi. Angalieni vipimo hivyohivyo.

#39 Mama Nesi MN
Na mimi nimeambiwa nifungashe nguo. Nje hapa Moorhead jua linawaka.

#40 Kasuku wa Kilwa
Tela, hiyo kahawa wanauza na andazi?